Nani Yuko Nyumbani Mchana

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Soksi mbili, sweta mbili, leso kichwani. Binti yangu Wakesho ametoka gizani kwenda kazini hospitali, kwenye wodi yake. Mumewe, Wafula, akafuata. Yeye ni dereva wa mabasi ya abiria. Nimebaki na Nekesa. Nusu ya uji amekunywa, nusu amepaka kiti. Sasa anatembea akishika ukuta, na kila alichokifikia ni chake.

Hii ndiyo kazi iliyonileta Doonside, huku ng'ambo ambako Juni ni kipindi cha baridi, kutoka kwetu Wundanyi: kumshika mjukuu mpaka apate nafasi kwenye kituo cha watoto. Siilalamikii. Nimeshika watoto wa watu tangu nilipoanza ualimu hadi nilipostaafu. Huyu ni wangu.

Jioni Wafula alizungumza nami kupitia mtoto, kama ilivyo desturi yake. "Nekesa, mwambie nyanya Jumamosi atakuja mtu wa sola." Kwao Bungoma mwanamume hazoeani hovyo na mama mkwe. Sisi Wataita hatuna makali hayo, lakini namheshimu. Nikamwambia mtoto, "Mwambie baba nimesikia."

Jumamosi, 14 Juni

Mtu wa sola amekuja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampenda. Akazunguka nyumba akitazama paa, akakaa mezani, akafungua kompyuta. Habari ya paneli ilikwisha kuamuliwa. Kilichobaki kilikuwa mpango wa bei ya stima, na hapo ndipo maneno yalipokuwa mengi.

Nilivyoelewa: paneli zinalisha nyumba jua likiwepo. Jua likizama, unanunua stima kwa kampuni kama zamani. Mpango mmoja una bei moja, mchana na usiku. Mwingine hubadilika kwa saa: mchana ni rahisi, karibu bure, na jioni ni ghali vibaya, maana jioni kila mtu amerudi na amewasha kila kitu. Ukiweza kufua na kupika mchana, umepona. Usipoweza, umeumia. Stima ya ziada ukiwarudishia, wanakulipa bei ya peremende. Betri ya kuhifadhi wameiacha. Haiwezekani mwaka huu.

Kisha akauliza, "Nani yuko nyumbani mchana?"

Wafula hakuinua kichwa. "Mama mkwe wangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mna bahati basi," akasema yule mtu, akaandika.

Nilikuwa namimina chai. Kiingereza nimekifundisha maisha yangu yote na Wafula anajua. Waliniongelea kama wanavyoongelea friji.

Tiketi yangu ya kurudi ni ya mwisho wa Agosti. Hakuna aliyeitaja.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani bila Wafula. Yuko kazini. Jumapili zote siku hizi.

Nimeimba vibaya. Nimekasirika.

Jumanne, 17 Juni

Majaribio yameanza. Kabla ya kuchagua, Wafula anataka kuona kama nyumba hii inaweza kuhamia mchana. Wakesho ndiye aliyenieleza, haraka haraka, akifunga kamba za viatu.

"Mama, nguo tufue mchana tu. Vyombo pia. Na chakula cha jioni, ukiweza, kipikwe mchana. Kuanzia saa kumi mpaka saa mbili usiku tusiwashe kitu kikubwa."

Tufue. Tusiwashe. Amesema hivyo kisha akaenda kazini.

Nimefua. Nimekausha. Nimefua tena: sare za hospitali, sare za basi, mashuka, nguo za mtoto. Maharagwe. Wali. Nekesa alipolala ningelala naye, lakini nilikuwa nimesimama nikisikiliza mashine imefika wapi. Mgongo unauma.

Jioni tumekula wali wa mchana. Wafula amesema ni mtamu. Ulikuwa umekauka. Ni mtu mwema, ndiyo shida. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Jumatano, 18 Juni

Jumatano ni siku ya Bankstown. Kuna ukumbi wa kanisa huko ambapo kina mama tunakutana, tunashona, tunasengenya kidogo. Treni mbili, mtoto mgongoni. Pale mimi si mama wa mtu wala nyanya wa mtu. Naitwa Mwalimu.

Mama Furaha alinipitia kama kila wiki. Ni Mkongomani wa Uvira, anakaa mtaa wa pili, huwatunza wazee wikendi. Amenikuta nimekumbatia kapu la nguo.

"Mwalimu, treni iko karibu kufika. Tuende."

Nikamweleza mambo ya saa na bei. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa uko boyi ya jua?"

Boyi kwao ni mtumishi wa nyumbani. Tulicheka mpaka Nekesa naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha Mama Furaha akaenda peke yake. Nikarudi jikoni. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Jumatatu, 23 Juni

Mafundi wamefunga paneli. Siku nzima vishindo juu ya vichwa vyetu. Nekesa alilia mwanzoni, baadaye akawa anawapungia mkono.

Wafula alifika kabla hawajamaliza. Hakuingia ndani. Alisimama uani na sare yake, kwenye majani yenye maji, akitazama juu. Sijawahi kumwona na uso ule. Kama mtu aliyeitwa jina lake kati ya waliofaulu.

Tulipokuwa tunamenya viazi Wakesho akasema, "Anataka Jumapili zake, Mama. Amesema bili ikishuka ataacha shifti za Jumapili. Mtoto wake anamwona akiwa amelala tu."

Hilo sikulijua. Nilidhani ni mambo ya wanaume na vyombo vipya. Nimemhurumia kwa kweli. Hasira nayo haijaondoka.

Wiki ijayo wanabadilisha mita. Kufikia hapo sharti wawe wamechagua.

Jumatano, 25 Juni

Nimeenda Bankstown.

Mashine nilikuwa nimeijaza. Nilichobakiza ni kubonyeza. Mama Furaha akagonga mlango. Nikamfunga Nekesa mgongoni, nikachukua mkoba, nikatoka. Sikubonyeza.

Siku njema. Nimeshona pindo zima bila kufumua. Tumenunua mihogo na ndizi za kupika. Mwanamke wa duka la mikate amempa Nekesa kipande cha mkate wa ufuta, naye akamshukuru kwa Kiingereza. Kwangu hasemi hata neno moja la Kiswahili, ingawa nikimwambia lete kiatu, analeta.

Kwenye ukumbi waliniuliza nilikuwa wapi wiki iliyopita. Nikasema mtoto aliumwa. Kwa nini nilidanganya? Aibu tu.

Tumerudi jua limeshuka. Wakesho alikuwa amenitangulia, na hana sare safi hata moja ya kesho. Ameiwasha mashine saa ile ile ya ghali, kisha ya kukausha. Wafula alipoingia alisikia mngurumo, akatazama saa ya ukutani, akapita.

Waliongea chumbani kwao. Mlango haukufungwa vizuri.

"Siku moja ikiharibika hivi, mpango wa saa utatumaliza," Wafula alisema.

"Mama alitoka. Ana haki ya kutoka."

"Sijasema hana. Nauliza tutapangaje. Na hiyo Agosti? Si tulisema tutaomba aongezewe muda?"

"Ulimwuliza?"

"Mimi? Wewe ndiye binti yake."

Kisha Wakesho, kwa sauti ya chini: "Nilidhani atakubali tu."

Nilikuwa nakunja soksi za mtoto. Nikakaa.

Alhamisi, 26 Juni

Uji. Kufua.

Ijumaa, 27 Juni

Naogopa. Nikisema narudi, nani atamshika Nekesa? Kituo hakijawapa nafasi. Wakesho atapunguza siku za kazi, nyumba itayumba, na mimi ndiye nitakuwa nimeiyumbisha. Nikikaa, nakaa mpaka lini? Kwangu kuna nyumba iliyofungwa madirisha. Kuna kwaya. Kuna dada yangu Mghoi, na magoti yake, anayenipigia simu akijifanya anauliza hali ya hewa.

Huenda hata ningekubali. Hilo ndilo linaloniumiza. Wangeniuliza mwezi uliopita, pale mezani, huenda ningesema ndiyo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimesema.

Baada ya chai. Wakesho alikuwa anataka kuinuka, nikamwambia kaa. Wafula alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Nikamwambia na wewe, baba, kaa. Alikaa kwenye kiti cha mbali, karibu na dirisha, macho chini.

Nilisema hivi: tiketi yangu ni ya Agosti. Nitarudi Agosti. Nikiwa hapa nitafua na nitapika kwa sababu nyinyi ni watoto wangu, lakini Jumatano nitakwenda Bankstown. Na mpango wa stima msiuchague kwa kunitegemea mimi.

Wakesho akaanza kulia. "Mama, si hivyo. Hatukukuona kama mfanyakazi."

"Najua."

"Nilijua unampenda Nekesa, nikadhani…"

"Nampenda. Mngeniuliza."

Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Nekesa akaacha kuchezea kijiko. Nilidhani Wafula atamchukua mtoto na kuongea kupitia kwake, kama siku zote. Hakumgusa. Aliinua uso akanitazama mimi.

"Mama, nilikuhesabu," akasema. "Sikukuuliza. Nisamehe."

Nikamwambia anywe chai, imepoa.

Baadaye waliweka simu katikati ya meza wakaanza upya. Safari hii walipanga nyumba ya watu wanaotoka alfajiri na kurudi jioni. Nguo zifuliwe jioni, ugali upikwe jioni, mtoto aogeshwe jioni. Kwa nyumba ya namna hiyo mpango wa saa ni adhabu. Wa bei moja hauvutii kama ule, lakini hauwavizii. Nguo kidogo mashine inaweza kufua yenyewe mchana ikipangwa asubuhi, lakini chakula hakijipiki.

"Jumapili zako je?" Wakesho akamwuliza.

Wafula akajikuna kidevu. "Labda si zote," akasema. "Tuone."

Hilo limeniuma. Nimekaribia kusema basi, nitabaki. Nikauma ulimi.

Jumanne, 1 Julai

Wafula amepiga simu kwa kampuni ya stima wakati wa mapumziko yake, amesubiri sana kwenye laini, amewaambia bei moja. Wanaweza kubadilisha baadaye mambo yakibadilika. Mita mpya imewekwa. Ina taa ndogo ya kijani.

Wakesho hanitazami vizuri machoni. Si hasira. Ni aibu. Nimempikia mboga ya kunde na nazi, anayoipenda. Nimepika jioni. Dirisha lilijaa mvuke.

Jumatano, 9 Julai

Bankstown. Nimewaambia kina mama ukweli wa wiki ile. Wawili wamesema na wao hawakuulizwa. Mmoja ana miaka yake hapa, hana tiketi tena. Tukaendelea kushona.

Jumatatu, 14 Julai

Kituo cha watoto kimepiga simu. Nafasi ya siku tatu kwa wiki, kuanzia Agosti. Wakesho amepiga kelele hadi jirani akachungulia.

Siku mbili zilizobaki Wafula amejitolea yeye. Amebadilishana na mwenzake: atakaa nyumbani Jumatatu na Jumanne, afanye kazi Jumamosi. Jumapili atapata moja moja. Nekesa atamwona akiwa macho. Siku hizo mbili, amesema, yeye ndiye atakayefua mchana.

Wakesho amemtazama. "Wewe?"

"Mimi. Si niko nyumbani?"

Jumapili, 27 Julai

Mvua tangu asubuhi. Wafula hakwenda kazini leo. Tulipotoka kanisani aliuliza, moja kwa moja, kama naweza kumfundisha kusuka nywele za Nekesa kabla sijaondoka, maana Wakesho akiwa wodini hakuna atakayezishika.

Nimekaa kwenye kochi. Yeye amekaa kwenye zulia, mtoto katikati ya magoti yake anakula ndizi. Nilimwonyesha kwa maneno: gawa mafungu matatu, vuta la kulia, leta katikati, usimvute kichwa. Vidole vyake ni vinene. Alikuwa anashusha pumzi kama mtu anayegeuza basi kwenye uchochoro.

Mstari wa kwanza ulipinda. Nikamwambia afumue.

Akafumua. Akaanza tena.