Mawingu ya Kilimia

Handeni, Ijumaa jioni. Jua limewaka tangu asubuhi, wingu hakuna hata la kufutia jasho.

Nimekaa barazani kwa Mhina, miguu imevimba. Mimi niliyewapikia Wadachi Tanga na Bagamoyo, niliyepanda meli na gari la moshi, nimetembea siku mbili kutoka Korogwe. Bwana wangu nilimwambia naenda kuzika. Hakufa mtu, Mungu anisamehe. Ila kilichonileta kingeweza kuua.

Mdomo wangu.

Jumapili iliyopita Mhina alileta mbuzi sokoni Korogwe, akapita jikoni kwangu kama kawaida yake. Yeye Mzigua, mimi Msambaa wa Kwashemshi. Tukikutana matusi kwanza, salamu baadaye. Bwana alikuwa amenipa picha za mbinguni zilizopigwa kwa darubini huko kwao, yeye kazichoka. Sisi wawili tunazipenda kuliko nyama. Tukazitandaza mkekani. Mwezi, Mhina akasema, uliugua ndui. Ile nyota yenye pete, nikasema ni Mzungu kavaa kofia. Lile kundi la nyota linalojizungusha kama uji chini ya mwiko Mhina alilifuatisha kwa kidole mpaka akaona kizunguzungu.

Kisha Kilimia.

Mhina hupanda kwa kukitazama Kilimia, kama baba yake na babu yake. Kila mwaka hungoja kichomoze mashariki jioni. Nyota zake anazijua, sita. Pichani zilikuwa nyingi kama mtama uliomwagika, tena zimefunikwa ukungu mweupe.

"Huu nini, mtani?"

Mwenye akili angesema sijui. Mimi shule nilikaa mwaka mmoja na nusu, neno hilo hatukulifikia.

"Mawingu ya mvua hayo!" nikasema. "Darubini imeyaona kabla yako. Nenda kapande!"

Akanikumbatia, akaondoka karibu anakimbia. Mavuno yaliyopita yalikauka. Mbegu aliyobakiwa nayo ni kibuyu kimoja cha mtama. Nilijua. Nilijua, na bado nilisema.

Jumatano, Mwalimu Shekiondo wa Dindira, anayesoma Kidachi, alipita kwangu akanisomea maneno yaliyo chini ya picha. Ukungu ule uko hukohuko kwenye nyota, hauna tone la maji, na picha yenyewe ilipigwa miaka mingi nyuma.

"Hiyo mvua ya mwaka gani, mpishi?" akaniuliza, nilipomwambia mimi nimeyaita mawingu ya mvua.

Nikacheka. Halafu nikakikumbuka kibuyu, kicheko kikakatika.

Leo adhuhuri nimeingia hapa nikipiga kelele tangu njiani, "Mhina, usipande!" Mkewe katoka na mwiko mkononi. "Shemeji, kuna vita?" Mhina mwenyewe alikuwa anatoka shambani, jembe begani. Nimemweleza yote bila kujisifu hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Nimepanda mistari mitatu," kasema.

"Na kibuyu?"

"Kipo juu ya meko, kinapigwa moshi, kinangoja mvua ya kweli. Mtani, ile mistari mitatu ni ya urafiki. Kibuyu ni cha watoto."

Nimecheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Miaka yote hii nilidhani namdanganya mtu. Kumbe mwenzangu alishanipima zamani, akaona ninastahili mistari mitatu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kuna watu Korogwe hawawezi kunipandia hata punje moja.

Nimemwambia tuifukue mbegu kabla sisimizi hawajaimaliza. Kakataa. Kwao, mbegu iliyoingia ardhini kwa ajili ya mtu haitolewi. Ikifa, ife yenyewe. Mkewe kaitikia kwa kichwa, akanipakulia ugali mkubwa kuliko wa mumewe. Nimeula kwa aibu. Lakini nimeumaliza.

Kisima cha hapa kiko mbali, na kubeba maji ni kazi ya wanawake. Mwanamume hata hajui kukunja kata ya kuwekea mtungi kichwani. Kesho kabla jua halijapanda nitajitwika mtungi. Nitaimwagilia mistari ile, na keshokutwa tena, kabla ya kurudi Korogwe.

Huko kisimani watanicheka mpaka wamwage maji yao.

Wacheke. Mtama ule umepandwa kwa ajili yangu.