Gavana Akishavuka Mto

Gerezani, 15 Machi 1909

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Kikohozi kimeniachia, hofu yangu ni magoti yako. Shangazi Verna bado anakuibia mayai?

Mama, gavana amekataa ombi langu la msamaha. Mkuu wa gereza alinisomea jibu lake asubuhi hii, mistari miwili tu. Kwa hiyo kunyongwa ni Ijumaa ya tarehe 26, mimi na mzee Lonzo Peck wa chumba cha pili, siku moja. Yeye anakiri kwamba alimuua mtu wake. Mimi nimechoka kusema kwamba yule msimamizi wa kiwanda cha mbao sikumgusa.

Sasa nisikilize. Lonzo amefungwa na kufunguliwa chini ya magavana sita, anawataja kwa mpangilio kama mtu anayetaja watoto wake. Anasema: "Gavana akishavuka mto kuingia jimbo la pili, ni mwanaume mwenye kofia tu. Kiti kinabaki kwa naibu, na kalamu ya msamaha vilevile." Na gazeti limeandika kwamba tarehe 23 gavana anavuka kwenda kumzika kaka yake, hatarudi mpaka Jumamosi. Naibu ni Daktari Pruitt, wanasema ni mpole. Nenda kwake, Mama, nakuomba. Umwombee na Lonzo, hana mtu. Hajui hata kusoma. Barua zako namsomea kupitia ukuta, na anazingoja kuliko mimi.

Mwanao,
Orrin

Makao makuu ya jimbo, 23 Machi 1909

Mwanangu Orrin,

Hujambo? Na wewe mzee Lonzo, hujambo? Najua unasikia. Magoti yamevimba ila bado yananibeba.

Gavana amevuka. Nimesimama darajani mwenyewe mpaka behewa la mwisho la treni yake likaishia ng'ambo, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Pruitt. Amenishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mama, niachie usiku huu nilifikirie. Njoo kesho asubuhi." Lakini macho yake hayakutulia, yalikuwa yanatazama mlango. Naogopa, mwanangu. Siku zimebaki tatu.

Mama yako

Langoni pa gereza, 25 Machi 1909, jioni

Mwanangu,

Unisamehe, leo salamu sina.

Jana nilipofika kwa daktari nilimkuta mtumishi tu, anapiga deki. Bwana mkubwa amevuka mto kwa treni ya alfajiri, eti kutazama farasi. Farasi! Amevuka makusudi ili kiti kimtoke, asiwe yeye wa kusema ndiyo wala hapana. Nililia pale kwenye ngazi mbele za watu. Ndipo karani mmoja akaniinamia akasema kiti sasa kimeshuka kwa spika wa seneti. Na spika ni nani? Quigg wa kwetu Pell Ridge, yule uliyempiga yai viza kwenye mkutano wa kampeni.

Nilirudi kwetu kwa treni, nikamkuta zizini kwake, damu mpaka viwikoni, anamzalisha kondoo.

"Bwana Quigg," nikamwambia, "wewe ndiye gavana."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

Akacheka mpaka kondoo akashtuka. Nilipokutaja wewe, kicheko kikaisha. "Lile koti lilikuwa jipya, Almeda."

"Najua. Nitakufulia nguo mpaka nife."

Akanawa mikono polepole. "Miaka thelathini nimekaa seneti nakitamani hicho kiti," akasema. "Nimekipata siku moja, sitaanza kwa kumnyonga mtoto wa jirani."

Tukapanda treni pamoja, maana muhuri uko makao makuu. Leo mchana alikaa mezani na kalamu, akaniuliza, "Kuna mwingine wa Ijumaa?" Mara mbili alikuwa ameichovya kalamu kwenye wino bila kuandika, Orrin. Nikaona nikimwongezea wa pili, tena aliyekiri mwenyewe, ataiweka kalamu chini na nitawakosa wote wawili. Nikasema hakuna.

Mkuu wa gereza ameshaipokea karatasi. Utafungwa maisha, hutanyongwa. Wamekataa nikuone, muda wa wageni umepita, nimewaomba wakupe barua hii.

Usimsomee Lonzo.

Mama yako

Gerezani, 27 Machi 1909

Mama,

Leo ni Jumamosi na ninakuandikia. Mimi ni mzima.

Barua yako waliniletea pamoja na supu ya jioni. Nikafanya kama siku zote, nikaifungua na kuanza kuisoma kwa sauti, mdomo ukutani, bila kuipitia kwanza. Pa farasi Lonzo alitukana. Pa koti alicheka akapiga ukuta. Nilipofika kwenye "hakuna", mdomo ulikuwa umeshasema. Mstari wako wa mwisho niliusoma kimoyomoyo, na ulikuwa umechelewa.

Nilimsikia Lonzo akikaa kitandani. Kisha akasema, "Angeniuliza mimi, ningemwambia ajibu hivyohivyo." Sijui kama alimaanisha. Sikuthubutu kumuuliza.

Halafu akaniomba nirudie pale pa zizini. Nikamsomea mara tatu. Akauliza kama mwanakondoo alizaliwa hai. Hukuandika, Mama. Nikamwambia alizaliwa hai, na akasimama siku ileile.

Jana saa moja asubuhi walimchukua. Alipopita mlangoni kwangu alisema, "Msalimie mama yako," na akaendelea kutembea.

Mimi niko hai na siwezi kula. Nakushukuru, Mama, na nina uchungu na wewe, vyote kwa pamoja, sijui kipi kianze. Njoo siku ya wageni. Tutakaa tu. Ila kama unajua yaliyompata yule mwanakondoo, usiniambie.

Mwanao,
Orrin