Usije Kunizika, Tuma Tela

Nyumba ya Kona,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo humu ndani. U hali gani huko kwenye baridi? Goti lako limeacha kuvimba? Mkeo hajambo? Na wale mapacha, bado wanakimbia kila kilicho cha kijani sahanini? Mimi miguu imejaa maji na pumzi naipata kwa kuiomba, lakini mkono unaandika, na kichwa ni kizima. Narudia: kichwa ni kizima.

Narudia kwa sababu uliponipigia simu mwezi uliopita ulinisemesha kama mtu anayeita kuku. "Shangaziii! Unanijuaaa?" Nakujua. Nimekufuta kamasi mpaka umri ambao wenzako walishaanza kunyoa ndevu. Nilikujibu kwamba ng'ombe hawajakamuliwa, nikakusikia unalia. Niwie radhi. Hata hivyo, ukoo wetu haujawahi kuwa na ng'ombe hata wa kuchora ukutani. Ungefikiri kidogo ungeshtuka.

Sijachanganyikiwa, mwanangu. Nimejifanya. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu uko mbali na huna wa kumpelekea umbea, na kwa sababu sina muda wa kungoja nipate msiri mwenye akili zaidi.

Mjukuu wangu Bosi unamjua kwa picha tu. Tulimpa jina hilo kwa sababu amelala chali na nyumba nzima inamtumikia. Hasemi. Hakai bila kushikwa, na kichwa kinamwangukia kama cha abiria aliyesinzia. Dada yako, binti yangu aliyemzaa, alimbeba mgongoni mpaka pingili moja ya uti wake ikasogea, naye daktari akampiga marufuku kubeba kitu kizito kuliko ndoo. Tangu hapo dunia ya Bosi ikawa baraza letu na lile bomba la maji ya mvua.

Kila Jumamosi watoto wa mtaa hupita na baiskeli zao kwenda uwanjani. Bosi akisikia kengele anakakamaa mwili mzima kwa furaha, anapiga ukelele unaofika kwa jirani wa tatu. Wao wanapita. Naye ananyamaza, na ananyamaza mpaka jioni. Huo ukimya ndio ulioninyanyua kitandani nikashika fimbo kwenda kumtafutia naye baiskeli.

Nilianza na duka kubwa la baiskeli. Muuzaji, kijana aliyepaka nywele mafuta ya kutosha kukaangia, akanitolea kibaiskeli cha waridi chenye vigurudumu viwili vya kusaidia nyuma. Nikamwambia mtoto hawezi kushika usukani, hawezi kukanyaga pedali, wala kushikilia shingo yake mwenyewe. "Atazoea tu, bibi," akasema. Nikamuuliza kama yeye upumbavu ameuzoea au alizaliwa nao. Hakunipunguzia bei.

Shemeji yako, baba yake Bosi, naye akasema kwa nini tuhangaike, atampelekea fundi wa kuchomelea kazi ya tela ya kufunga nyuma ya baiskeli. Wazo zuri. Ila fundi alipomuuliza itabeba nini, baba mzima akaona haya mbele ya watu waliokuwa pale, akajibu, "Mzigo tu." Basi fundi akatengeneza tela ya mzigo. Chuma kitupu, haina springi, ina kulabu za kufungia kamba pande zote. Tulimtandikia Bosi godoro, tukamfikisha njia panda, kichwa kikigonga bati kwenye kila shimo la barabara mpaka mdomo ukatoka damu. Leo hiyo tela inabebea madumu ya maji, na ni imara ajabu. Simlaumu fundi. Alitengeneza alichoambiwa. Yule aliyeshindwa kutamka neno "mtoto" ndiye ninayempa salamu kila asubuhi kwa meno.

Kisha tukaenda kwenye shirika la kugawa baiskeli kwa watoto walemavu. Usiniulize jina lake. Limeandikwa kwenye kofia waliyonipa na kofia nimempa mbwa wa jirani. Pale kulikuwa na baiskeli za magurudumu matatu, nzuri, zinang'aa, na mpigapicha. Bosi akapigwa picha tatu. Halafu mratibu, mwanamama mwenye sauti ya asali, akatueleza kwamba vifaa vyao ni vya watoto wanaopanda. "Huyu wenu hapandi, mwalimu. Huyu anapakiwa."

Umelisikia neno hilo? Miaka yote niliyofundisha lugha sikujua kwamba kitenzi kinaweza kumfungia mtoto mlango. Nikamwambia kila mtu mjini hapa amewahi kumwambia mwenzake "nipakie", na aliyepakiwa hufika sawasawa na aliyepakia. Nikamuuliza yeye asubuhi ile aliliendesha gari la ofisi mwenyewe au alipakiwa na dereva. Akatabasamu kama anayemsikiliza mtoto. "Sera ni sera, mama yangu." Picha za Bosi walibaki nazo. Nasikia ziko kwenye kalenda yao, mwezi wa nne.

Ndipo nikasikia habari za mfuko wa wastaafu. Mfuko wetu huu, unaotulipa pensheni ya kununulia chumvi, ulikuwa umeletewa baiskeli chache za kiti cha mbele: anayeendesha yuko nyuma, na mbele kuna kiti kama cha kinyozi, chenye mikanda ya mabegani, kiegemeo cha kichwa, na mto wa kutenganisha magoti. Nilipoiona pale ofisini nilitaka kuipigia magoti, kama magoti yangekubali. Ilikuwa imeumbwa kwa ajili ya Bosi. Lakini zilikuwa za wazee, tena si mzee yeyote. Mwenye akili timamu hupewa fimbo. Kiti chenye mikanda ni cha mzee aliyepoteza fahamu zake, asiyeweza kujizuia asianguke.

Basi nikazipoteza.

Nilizipoteza taratibu, kama mtu anayepunguza moto wa jiko. Nikaanza kumwita dada yako kwa jina la mama yangu. Nikaweka viatu kwenye jokofu. Nikauliza chakula wakati kijiko kimo mdomoni. Mwanangu, hujui ilivyo rahisi. Watu walikuwa wanaungoja ujinga wangu kwa hamu. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Hapana, huyu hawezi kuchanganyikiwa, jana tu kanisahihisha." Mke wa jirani alifikia hata kuniambia mbele ya uso wangu kwamba ndiyo malipo ya mdomo wangu. Nikamchekea nikamwita baba.

Siku kamati ya mfuko ilipokuja kunipima, mwenyekiti alikuwa nani? Mwanafunzi wangu, yule niliyemrudisha darasa mara mbili kwa sababu ya herufi moja. Alikuwa akiiweka H palipo patupu na kuinyima penye haki yake, yaani alikuwa akiandika "hasante" na "abari". Sasa ana tumbo na saa ya dhahabu. Akanipapasa kichwa changu, kichwa kilichomfundisha kusoma, akasema, "Mwalimu, unanikumbuka?" Nikamwonyesha ulimi. Akaniuliza ni mwaka gani. Nikamwambia mvua ikiacha nitamletea. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi.

Halafu akaandika, mbele yangu, kwa herufi kubwa za kujivunia: HAKILI ZIMEPUNGUA.

Hakili! Nilihisi mkono wangu wa kulia unatafuta kalamu nyekundu wenyewe. Nimezaa, nimezika mume, nimefanyiwa upasuaji bila ganzi ya kutosha, lakini kuiacha ile H pale ilipo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyoyafanya kwa mwili huu. Niliuma shavu la ndani, mate yakanitoka yenyewe, na nadhani mate yale ndiyo yaliyotupatia kiti.

Tangu siku ile Bosi anatoka. Dada yako anaendesha, Bosi yuko mbele yake, amefungwa vizuri, upepo unamwingia mdomoni naye anautafuna. Amefika uwanjani, amefika kwenye reli. Anajua barabara yenye kokoto na anaipenda; tukipita ya lami ananuna. Mimi nakalishwa kitini pale tu wakaguzi wa mfuko wanapokuja, nalegeza shingo, wanapiga tiki, wanaondoka.

Sasa nifike kwenye lile linalonitoa jasho.

Dada yako hajui. Anaamini nimepotea. Sikumwambia kwa sababu ni mwaminifu kupita kiasi, uso wake ni dirisha lisilo na pazia, na ingawa haoni kosa Bosi kuazima kiti cha bibi yake mgonjwa, angejua niko mzima angekirudisha siku hiyo hiyo huku akiomba msamaha. Kwa hiyo nimemwacha alie. Ananilisha kwa kijiko. Amenificha kiberiti na visu. Usiku ananisimulia habari za utoto wake, akitumaini nitashika moja, nami natazama dari.

Juzi alinipeleka hospitali kwa ajili ya huu uvimbe. Daktari kijana alisoma cheti nilichopewa na ile kamati, akaona akili hamna, basi akazungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kabati. Akamwambia dada yako kwamba moyo umechoka, kwamba ni suala la wiki, labda miezi, Mungu akiwa na huruma. Ndivyo nilivyopata habari za kifo changu, kwa kujifanya sisikii. Nikaendelea kuchezea kifungo cha gauni. Tulipofika nje dada yako akainama, akanifunga kilemba, akasema kwa sauti ya sherehe, "Daktari kafurahi, mama. Anasema unaendelea vizuri sana." Macho makavu kabisa! Nami niliyedhani hajui kudanganya. Nilitamani kumpongeza. Badala yake nikamwomba pipi.

Sasa sikiliza kanuni ya mfuko: mzee akifa, kiti kinarudi, kinapewa mzee mwingine asiye na hakili. Mwenyekiti amelisema hilo mara mbili kwa namna ya mtu anayepima kitambaa cha sanda. Siku nitakayofumba macho, Bosi atarudi barazani kusikiliza bomba.

Na hapo ndipo unapoingia wewe. Mwaka juzi uliandika kwamba huko umeona watoto kama Bosi wakivutwa na wazazi wao njiani kwenye tela za kitambaa, na ukasema "inapendeza sana". Nilikudharau kwa barua ile, acha nikwambie kweli. Uliona, ukapendezwa, ukaenda zako kunywa chai. Sasa rudi ukatazame kwa macho ya kununua.

Tela iwe ya mtoto mkubwa. Nyingi ni za watoto wachanga na Bosi ana miguu mirefu ya babu yake. Mpime mmoja wa mapacha akiwa amekaa, wanalingana kimo. Iwe na kiegemeo cha kichwa, mikanda ya mabegani na unaopita katikati ya miguu, na springi za kweli. Kiungo chake kifungike kwenye baiskeli ya kawaida. Watakuonyesha za mbwa kwa kuwa ni rahisi. Huko mbwa anapakiwa bila mratibu kuuliza sera. Usiniletee ya mbwa. Tafuta pia kwa wazazi wanaouza zilizotumika, zipo, na ukimkuta mama anauza iliyo mpya mpya, mlipe bila kuombea punguzo, na usimuulize mtoto yuko wapi.

Fedha unazo. Ni nauli uliyoweka ya kuja kunizika. Najua umeiweka, dada yako alikusikia ukiulizia bei za ndege. Usije. Nasema hivi nikiwa na akili zangu: usije kunizika. Watakuwepo wa kutosha. Wale ambao hawakumpa Bosi hata mto wa kuwekea shingo watachangia maturubai, viti vya kukodi na jeneza lenye vishikio vya shaba, kisha watalia kwa zamu. Hawatakosa mtu wa kuwasaidia.

Na itume upesi, kwa sababu yangu pia. Tela ikifika leo, kesho nakirudisha kile kiti kwa mkono wangu, na jioni namkalisha dada yako kitandani hapa, namwita kwa jina lake, namwambia mimi nipo, nilikuwepo siku zote, na habari zake zote za usiku nilizisikia. Anipige kama anataka. Ikichelewa, nitakufa nikiwa mjinga mbele ya binti yangu, na hilo sikuliweka kwenye hesabu nilipoanza. Ikiwa nitatangulia, msomee barua hii wewe, kwa simu, polepole, na ukifika hapa nilipoandika kwamba nilimsikia, rudia.

Nisalimie mkeo, na mapacha uwabusu kwa nguvu hata wakikataa. Msalimie na mjomba wako fundi saa, kama bado anaongea na watu. Mungu akupe macho ya kuona kabla hujapendezwa, na akulinde na watu wenye sera.

Tela ikishapakiwa kwenye meli au ndege, usinipigie mimi simu. Mpigie dada yako umwambie ni zawadi ya Bosi. Mimi nitakuwa hapa kitandani nikimwangalia akipokea.

Wako akupendaye hata anapokutukana,
Shangazi.