Kivuli Kisiangukie Mti

Jumanne, 20 Septemba

Mvua tena. Mbangi wetu nyuma ya jiko umefunga maua — mazito, ya kunata, harufu yake inafika hadi kitandani kwa Mama. Lakini majani! Yamebanana, upepo haupiti. Mdogo wangu Somkit, anayefanya kazi kwenye shamba la bangi kule mkoani Khorat, kanipigia simu: Dada, yapunguze hayo majani, la sivyo maua yataota kuvu.

Nikamwambia Mama. Akageukia ukutani.

"Hospitali walinipukutisha nywele, wakasema ndiyo kupona. Sasa na mti nao?"

Nikaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 22 Septemba

Chupa ya mafuta ya bangi ya Mama inakaribia kuisha. Bila mafuta hayo Mama halali, saratani ya ini haimpi nafasi. Mganga Thongdi, anayetutengenezea, hapokei maua yenye kuvu. Na mti ni huu mmoja tu! Nikipunguza majani kupita kiasi utashtuka, maua yadumae. Nisipopunguza, yaoze. Nimechukua mkasi. Nimeurudisha.

Ijumaa, 23 Septemba

Kuvu! Ua moja la chini, limegeuka kijivu katikati. Nimelikata, nimelichoma.

Nimemwambia Mama ukweli. Akasema haya, kata. Lakini kwa njia ya baba yake, aliyekuwa mganga wa mitishamba: mti uombwe ruhusa, nielekee jua, na kivuli cha mtu kisiangukie mti. Kikianguka, dawa imekufa nguvu.

"Mama, jua lenyewe liko wapi?"

"Subiri litoke."

"Bila jua si hakuna kivuli?"

"Kipo. Hukioni tu. We Bunsi, usinifundishe kazi ya baba yangu!"

Somkit alicheka hadi akakohoa. "Huku tunakata chini ya mataa, Dada, vivuli vya watu kumi kwa mpigo, na dawa inalewesha vilevile!" Nilimkatia simu. Halafu nikacheka peke yangu, kwa hasira.

Jumapili, 25 Septemba

Mvua. Ua la pili limeoza.

Mama kashika tonge la wali wa kunata, kalirudisha kikapuni. Ananiuliza tu: jua bado?

Naweza kukata akiwa amesinzia. Hatajua. Lakini nikimpa mafuta hayo nitamtazamaje usoni? Nahisi nusu ya usingizi wake inatokana na kuamini. Naogopa. Naogopa kumpoteza, naogopa na kumdanganya.

Jumatatu, 26 Septemba

Jua!

Limetoka ghafla baada ya chai. Nimekimbia na mkasi. Nimepiga magoti, mti mbele yangu, jua usoni, kivuli changu kiko nyuma kabisa. Nimeomba ruhusa kama alivyonifundisha. Nimeshika jani la kwanza —

Mlango wa jiko ukalia. Mama! Kwa miguu yake mwenyewe! Hajatoka nje tangu watawa wa hekaluni waanze mafungo yao ya msimu wa mvua, miezi miwili sasa. Kajifunga kitenge chake cha sherehe, anashika ukuta, anacheka. Akazunguka polepole hadi ng'ambo ya mti, apate kuiona mikono yangu vizuri.

"Anza na lile pana. Taratibu! Hunyonyoi kuku."

Akasimama pale, jua mgongoni. Kivuli chake chote kikaangukia mti, kuanzia kileleni hadi maua ya chini.

Hajakiona. Ananitazama mikono tu, macho yanang'aa.

Nikasema mkasi butu, naenda kuunoa. Uongo, jana niliunoa. Sasa niko jikoni, naandika nimesimama. Nikimwambia asogee, atajua ameiua dawa yake mwenyewe. Atarudi kitandani, na sidhani atanyanyuka tena. Nisipomwambia, halafu agundue akiwa bado pale, huku majani yameshakatwa? Mimi mambo ya kivuli siyaamini. Nilishamwambia Somkit siyaamini! Mbona basi mkono hautaki?

Namwona dirishani. Anauongelesha mti, kama alivyokuwa akituongelesha tukiwa wadogo tukiumwa. Wingu linakuja kutoka upande wa mtoni, jeusi.

"We Bunsi! Umelala na huo mkasi? Jua linaondoka!"

Nakuja, Mama.

Kivuli hakijasogea.