Sauti ya Mwizi wa Mbegu

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Imebaki sura moja tu ya riwaya ninayoirekodi. Shule ya wasioona itatuma mtu Jumanne ya wiki ijayo achukue tepu na mashine yao ya kurekodia. Nasoma mchana, mafundi wa jirani yangu Fakihi wakitoka kuswali adhuhuri na kukaa kula. Ndiyo saa pekee hapa Keko isiyo na msumeno wala randa. Pumzi inanikatikia kabla ya nukta. Binti yangu Kokushubila anasema kifua hiki si cha kusomea riwaya. Nimemwambia ndicho nilichonacho. Hakucheka.

Lakini sauti ya yule mwizi wa mbegu kitabuni nimeipatia! Kila akifungua mdomo, watu watavunjika mbavu.

Jumatano, 4 Septemba

Fakihi kaja na shikamoo yake, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nikampigia kipande cha tepu asikilize. Mwanzoni alicheka. Kisha akauliza, kitabu kinasema mwizi anatoka kusini? Nikasema hakisemi.

“Sasa Mwalimu, mbona anaongea kama shemeji yangu wa Newala?”

Nikajitetea – ni kuchekesha tu. Akasema wale watoto hawaoni, watatujua sie wa kusini kwa hiyo sauti. Akaaga vizuri, akarudi kwenye vitanda vyake. Afadhali angegomba.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekipekua kitabu kizima. Mwandishi kaandika “akasema,” basi. Ile lafudhi nimeitia mie.

Nikimsoma mwizi upya, huenda nisifike mwisho. Pumzi haitoshi yote mawili. Kokushubila anasema nimalize, watoto watataka kujua mwisho. Ni kweli. Lakini kwa sauti ile watamjua nani?

Ijumaa, 6 Septemba

Nimefuta. Nasoma vipande vya mwizi tu, juu ya vile vya zamani. Kwanza kwa Kiswahili cha darasani – akawa kama karani wa posta! Nikafuta tena. Kisha nikamsoma kwa Kiswahili cha nyumbani Bukoba, maneno yakivutwa mwishoni, kama alivyoongea mama.

Naandika hapa nisilomwambia padri, maana yeye anataka dhambi tu na sijui kama hii ni dhambi. Tangu chuo cha ualimu nimeificha sauti hiyo. Walinicheka siku ya kwanza, nikajifunza kuongea kama redio. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, hakuijua. Nisingependa kufa nayo kifuani.

Kokushubila alikuwa anachagua mchele. Akaja mlangoni na ungo. “Baba, nani huyo?”

Cha ajabu, mwizi amebadilika. Mwanzo aliiba kwa ujanja. Sasa anaiba kwa njaa. Na sijagusa neno!

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani sikwenda. Jana nilimaliza vipande vyote vya mwizi. Leo hata uji unanichosha. Sura ya mwisho bado.

Jumatatu, 9 Septemba

Fakihi kazima msumeno mwenyewe, kaja kusikiliza. Nikampigia kwanza vipande vipya vya mwizi. Nilisoma ukurasa mmoja. Mwizi amesimama mbele ya mkutano wa kijiji, anaulizwa kwa nini kaiba mbegu za wote. Hapo sauti ikaniishia. Nikafungua mdomo – hewa tupu.

Fakihi akakichukua kitabu mkononi mwangu. Akasoma polepole, kwa sauti yake ya kusini, mwenyekiti, wazee, wote. Mkutano mzima ukahamia Newala, na ukapendeza! Akafika kwa mwizi. Akanitazama.

Kisha akasoma maneno ya kwanza ya mwizi kwa lafudhi yangu ya Kihaya. Akavuta maneno mwishoni, pale pale ninapovuta mie. Hakudhihaki. Alikuwa amesikiliza.

“Jamani, fundi kawa Mhaya!” Kokushubila kaangua kicheko. Nami nikacheka, nikakohoa, vyote vikaingia kwenye tepu.

Fakihi kasimamisha mashine, anakunywa maji. Nje mafundi wanapiga kelele: bosi, tunasubiri! Anawajibu wasubiri, ana kesi. Ananiuliza kicheko na kikohozi tuvifute, au vikae. Kesho wanakuja kuchukua. Zimebaki kurasa mbili, mwizi bado hajasema kwa nini kaiba.

Nimemwonyesha kwa mkono: usifute. Endelea na sauti hiyo hiyo. Ameketi. Amebonyeza –