Kumkimbia Adui na Kumkimbilia

Nyumba Na. 14, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 418.
9 Juni

Mpendwa mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu. U hali gani huko ugenini? Kile kikohozi kimekwisha? Mimi ni mzima, ila goti linanilalamikia kila nipandapo ngazi. Baba yako anaendelea vizuri tangu kiharusi. Mkono wa kulia umepata nguvu. Akili yake ni timamu, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu nikiwa na kinyaa.

Ule mchezo wa vita vya kale uliomwekea kwenye kompyuta ili auchangamshe ubongo, ukautia Kiswahili wewe mwenyewe, umemtesa majuma matatu. Kila alipozidiwa vitani, alitaka kuwaokoa askari wake. Alibonyeza kitufe kilichoandikwa "Mkimbieni adui", nao wakatimua mbio moja kwa moja kwenye mikuki ya adui, wakafa kama kumbikumbi kwenye taa.

Tulimwita fundi wa kompyuta. Alipunguza ujasiri wa askari, akawaongezea woga, akawaondoa ndovu uliowabandika wewe, kisha akaufuta mchezo wote na kuuweka upya. Askari waliendelea kufa. Mwishowe akasema, huku akitafuna chingamu, "Mzee, jeshi halina shida. Labda wewe ndiye unayebonyeza ovyo."

Baba yako aliizima kompyuta. Tangu siku hiyo hashiki gazeti. Aliniambia, "Dada, kichwa kimekwisha. Usinifiche." Jumatatu alikataa kwenda kliniki kwa mazoezi yake. Mtu aliyepima viwanja miaka thelathini, asikosee hata hatua moja!

Juzi niliketi mwenyewe mbele ya kioo cha kompyuta. Nilibonyeza mara moja tu, nikaelewa. Ulitaka washambulie, ukaandika watoroke. Kumkimbia mtu ni kumwepuka. Kumkimbilia ni kumwendea mbio. Baba yako alisoma kama mtu aliyesoma. Na kitufe cha kurudi nyuma ukakiita "Rejea", kwa umoja, kana kwamba jeshi zima ni mtu mmoja! Alidhani ni cha kuanza mchezo upya, hakukigusa.

Silabi moja umeimeza, na baba yako anajiona mwendawazimu. Kauli ya kutendea nilikufundisha mezani pangu ukiwa na miaka minane. Nimechefuka.

Nimemweleza yote. Alitabasamu tu: "Unanibembeleza, dada." Haniamini, kwa kuwa anajua nampenda.

Basi wewe ndiye utakayemwandikia. Usimwambie habari za "hitilafu ndogo"; hitilafu haina mikono. Mwandikie hivi: Baba, ulisoma sawasawa, mimi niliandika vibaya. Barua ifike kabla ya tarehe 30, siku ya kliniki, kwani daktari amesema mkono ukikosa mazoezi mwezi mzima utakakamaa tena.

Msalimie mkeo na wale pacha. Mama yako mdogo anakusalimu. Binamu yako Kipara naye anakusalimu, na anacheka mpaka leo, jambo ambalo silioni la kuchekesha.

Mungu akupe afya, na akutie aibu kidogo, maana aibu nayo ni neema.

Wako akupendaye hata akiwa amekasirika,

Shangazi