Betri Alizochagua Mithika

Nyaga, usinipigie, nitacheka nianguke. Nimejificha nyuma ya zizi la Mithika. Wakwe wamekuja kuzungumza mahari ya binti yake Gacheri, bado wako hapa.

Jana tulienda na Mithika soko la Gakoromone kutafuta betri za kuchaji za maikrofoni yake. Ismael mwenye duka akampa mbili nzito. Akakataa! Akataka zile zilizoandikwa nambari kubwa ya nguvu kuliko zote. Ismael akamwambia:

"Mzee, zipime kwa mkono. Hizo ni nyepesi kama maganda ya njugu."

"Wewe kijana, nimefundisha sayansi miaka thelathini!"

Thelathini, Nyaga! Na hajui nambari huandikwa na yeyote mwenye wino.

Sasa leo wageni wamejaa, watu mia tatu. Sawa, arobaini. Yeye ndiye msemaji wetu. Akasema, "Wakwe zetu waheshimiwa..." na maikrofoni ikazimika. Akaigonga, kimya. Akatoa betri akaziuma, vile tulikuwa tunauma mawe ya tochi zamani yapate nguvu.

Akaziuma! Mbele ya wakwe!

Ka! Meno yake ya bandia yakavunjika katikati. Msemaji anatoa mluzi tu, kama birika la chai.

Mama Gacheri akanishika mkono: "Bundi, sema wewe, tusiaibike." Nimehutubu saa nzima bila betri, wakwe wakapiga makofi.

Kila nikichungulia, Mithika ananikodolea macho tu. Ni mimi nilimnong'oneza aziume, lakini akijaribu kunishtaki unatoka mluzi, na fundi wa meno anarudi Jumatatu.